Sahani ya Ndizi Isiyo na Maharage: Kwa Nini Mtoto Mnene Hashibi

Kayanga, Omurushaka, Nkwenda, Isingiro: katika miji hii midogo ya Karagwe na Kyerwa kuna lalamiko la wazazi ambalo miaka thelathini iliyopita lingemshangaza kila mtu. "Mtoto huyu hashibi." Na anayesemwa si yule mwembamba mwenye nywele nyekundu. Ni mnene, mashavu yamejaa, sare ya shule inambana kabla muhula haujaisha. Amekula saa moja iliyopita, na sasa anazunguka jikoni akifunua masufuria. Mama anasema ni minyoo. Bibi anasema mwacheni, anakua. Baba aliyeuza kahawa wiki hii anacheka na kumpa pesa ya chapati.

Minyoo ipo, na watoto hukua kweli. Ila katika mazungumzo hayo swali linaloulizwa ni mtoto amekula kiasi gani. Ni nadra kusikia likiulizwa amekula nini na nini. Hoja yangu katika safu hii ni kwamba swali la pili ndilo lenye uzito. Kinachomwacha mtoto mnene na njaa mara nyingi si ulafi wake, wala si ndizi yetu ambayo siku hizi inasingiziwa kila ugonjwa. Ni kile kilichoondolewa kando ya ndizi.

Nijibu kwanza pingamizi ambalo afisa lishe yeyote wa Kagera atalitoa, na atakuwa na haki. Tatizo kubwa la mkoa huu ni udumavu. Kitaifa, udumavu wa watoto wa chini ya miaka mitano ulishuka kutoka asilimia 34 katika utafiti wa afya wa 2015-16 hadi asilimia 30 mwaka 2022, na Kagera imebaki juu ya wastani huo miaka yote. Ndiyo maana Kagera ilikuwa moja ya mikoa mitano ya Kanda ya Ziwa na Magharibi iliyowekwa kwenye ASTUTE, mradi wa kupambana na udumavu, kuanzia 2014. Mkoa wenye migomba, maharage, parachichi, maziwa na samaki kuwa na watoto waliodumaa ni aibu tuliyoizoea. Watoto wenye kiribatumbo, yaani unene uliopitiliza, bado ni wachache, na wengi wao wako mjini. Kwa nini basi tupoteze karatasi kwa ajili yao?

Kwa sababu udumavu na kiribatumbo haviishi nyumba mbili. Mwaka 2000 Daniel Hoffman na wenzake walichapisha utafiti wa watoto wa vitongoji maskini vya São Paulo, Brazil. Waliona kwamba watoto waliodumaa walichoma mafuta kidogo mwilini kuliko majirani zao wasiodumaa. Mwili uliojengwa na njaa unakuwa mwepesi kuhifadhi mafuta siku chakula kikipatikana. Sasa mfikirie mtoto aliyezaliwa kijijini Kyerwa, akadumaa kabla ya miaka miwili, kisha wazazi wakahamia mjini, wakafungua duka, na akaanza kuokota biskuti kwenye rafu za baba yake. Huyo anaingia kwenye unene na mguu mmoja tayari ndani. Na kipimo chetu hakimwoni. Ukimpima uzito peke yake bila urefu, mtoto mfupi mwenye mafuta mengi anaonekana wa kawaida kabisa kwa umri wake, na mama anaondoka kliniki amepongezwa.

Tuingie tumboni. Mtoto wa darasa la nne anaamka saa kumi na mbili asubuhi. Usiku kucha tumbo lilikuwa tupu, na ukuta wa sehemu yake ya juu umekuwa ukitoa homoni inayoitwa grelini. Iligunduliwa Japani mwaka 1999 na Masayasu Kojima na Kenji Kangawa, na ndiyo homoni ya tumboni inayojulikana zaidi kwa kazi ya kuupelekea ubongo habari kwamba ni wakati wa kula. Mtoto anapewa chai ya rangi yenye vijiko vitatu vya sukari na mandazi mawili. Sukari na unga mweupe husagwa upesi, grelini inashuka upesi, na mtoto anatoka mlangoni akijiona ameshiba. Insulini inamwagika kwa wingi kuikabili sukari iliyojaa kwenye damu. Sukari inashuka, wakati mwingine chini ya ilipokuwa, na kabla kengele ya mapumziko ya saa nne haijalia grelini imepanda tena. Mtoto hakudanganya. Ana njaa ya kweli, yenye homoni yake.

Kilichokosekana ni upande wa pili wa mazungumzo kati ya tumbo na ubongo. Utumbo una homoni za shibe. Ya kwanza, kolesistokinini, hutoka sehemu ya juu ya utumbo mwembamba chakula chenye protini au mafuta kikifika, nayo hupunguza kasi ya tumbo kujimwaga. Mbili nyingine, PYY na GLP-1, hutolewa zaidi na chembe zilizoko mwisho wa utumbo mwembamba na kwenye utumbo mpana. Hizo zinataka mgeni afike huko chini: protini, mafuta, na hasa nyuzinyuzi na wanga mgumu ambao bakteria huuchachusha na kutoa asidi zinazoziamsha chembe hizo. Mandazi na chai ya sukari, kwa sehemu kubwa, huishia njiani. Wanga wake umenyonywa wote juu, na huko chini habari za kifungua kinywa zinafika hafifu.

Kwa mtoto ambaye tayari ana kiribatumbo mambo yanazidi. Mafuta ya mwili hutoa leptini, homoni iliyogunduliwa na Jeffrey Friedman huko New York mwaka 1994, ambayo kazi yake ni kuujulisha ubongo kwamba akiba inatosha. Nguvu yake ilidhihirika mwaka 1997, madaktari wa Cambridge walipoeleza habari za watoto wawili wa ukoo mmoja waliozaliwa bila uwezo wa kuitengeneza. Walikuwa wanene kupita kiasi na njaa yao haikuwa na mwisho. Dawa ya leptini ilipotolewa, njaa ikatulia. Watu wakadhani tiba ya unene imepatikana duniani kote. Haikupatikana, kwa sababu watoto wengi wanene hawakosi leptini, wanayo tele. Ubongo wao umeizoea, kama jirani wa mashine ya kukoboa kahawa asiyeisikia tena kelele yake. Juu ya hapo, utafiti wa Christian Roth na Thomas Reinehr wa Ujerumani, uliochapishwa 2005, ulionyesha kwamba watoto wenye kiribatumbo wana PYY ya chini kuliko wenzao wenye uzito wa kawaida. Kwa wale waliofanikiwa kupungua, ilipanda. Grelini yao nayo haishuki vizuri baada ya kula. Kwa hiyo mtoto mnene anayesema hajashiba anatoa taarifa ya kweli kuhusu mwili wake. Kumwita mlafi mbele ya wadogo zake ni ukatili, na pia ni makosa ya kitabibu.

Je, sahani yaweza kubadilisha hayo? Ushahidi ninaoupenda zaidi ulitoka hospitali ya watoto ya Boston mwaka 1999. David Ludwig na wenzake waliwachukua wavulana 12 wa umri wa ujana wenye kiribatumbo, wakawapa kwa siku tofauti milo mitatu yenye nishati sawa. Mmoja ulikuwa uji wa shayiri iliyosagwa laini na kupikwa kiwandani kabla. Wa pili ulikuwa shayiri hiyohiyo, ila imekatwakatwa tu, punje bado ngumu. Wa tatu ulikuwa mayai ya kukaangwa na mboga pamoja na matunda. Kisha wakawaacha wale walichotaka kwa saa kadhaa. Baada ya uji laini, wavulana walikula nishati zaidi kwa asilimia 53 kuliko baada ya uji wa punje, na zaidi kwa asilimia 81 kuliko baada ya mayai na mboga.

Soma tena hapo penye shayiri mbili. Nafaka ni moja, nishati ni moja, na protini, wanga na mafuta vililinganishwa. Tofauti ilikuwa kinu. Msomaji wa Karagwe hana haja ya kwenda Boston kuuona uji huo. Uji wa sembe uliokobolewa mpaka ukawa mweupe, ukatiwa sukari ukakolea, ndio uji laini wetu. Dona na ulezi ndiyo punje ngumu.

Utafiti mwingine mdogo wa Marekani, uliochapishwa 2009, uligusa homoni zenyewe kwa watoto 17 wa miaka 7 hadi 11, wanene na wasio wanene. Walipewa milo iliyotawaliwa na wanga, protini au mafuta. Baada ya mlo wa wanga grelini ilishuka kisha ikarudi juu. Baada ya mlo wa protini ilishuka polepole na haikurudi juu katika saa ambazo watoto walifuatiliwa. Watoto 17 ni wachache mno kujenga sera ya nchi, na milo ya maabara imetiwa chumvi: hakuna mama anayepika sahani ya protini tupu. Lakini matokeo yanakubaliana na yaliyoonekana kwa watu wazima, na yanakubaliana na hoja ya Stephen Simpson na David Raubenheimer ya mwaka 2005. Hao wanadai kwamba mwili hufuata protini: ukipewa chakula chenye protini hafifu, unaendelea kula mpaka kiasi chake kitimie, na nishati ya ziada inakuwa gharama ya safari. Sidhani hoja hiyo inaeleza unene wote. Kwa sahani ya ndizi tupu, inaeleza mengi.

Hapo ndipo ninapogombana na washauri wa lishe wa mitandaoni wanaowaambia watu wa Kagera waache ndizi. Gramu mia za ndizi zilizopikwa zina protini ya takribani gramu moja tu. Mtoto akila gramu 300, sahani inayoonekana imejaa, amepata gramu tatu. Ongeza gramu mia za maharage yaliyoiva na protini inafika kumi na zaidi, nyuzinyuzi zinaongezeka maradufu, na wanga wa sahani nzima unasagwa kwa mwendo mwingine. Ndizi na maharage katika sufuria moja, na nyanya chungu au mchicha pembeni, ni mlo wenye kila kitu ambacho grelini, PYY na GLP-1 zinakitaka. Haukubuniwa na mtaalamu. Ulipikwa hapa kabla ya neno homoni kufika.

Historia ya mlo huo imeandikwa ng'ambo ya mpaka, Uganda, kwa watu wanaokula kama sisi. Hugh Trowell, daktari Mwingereza aliyefika Kenya mwaka 1929 na kisha kufanya kazi miaka mingi Mulago, Kampala, alipata masomo mawili kutoka kwenye ndizi hiyohiyo. La kwanza lilikuwa kwashiakoo. Yeye, Davies na Dean waliandika kitabu chake mwaka 1954, kuhusu watoto walioachishwa ziwa na kuingizwa kwenye ndizi au mihogo bila kitoweo, wakavimba miguu na kunyonyoka nywele. La pili alilielewa baadaye. Katika miaka yake ya mwanzo unene na ugonjwa wa moyo vilikuwa nadra kiasi kwamba mwaka 1956 yeye na Singh waliandika habari za mgonjwa mmoja tu wa mishipa ya moyo miongoni mwa Waafrika, na ikawa habari ya kuchapishwa kwenye jarida la tiba. Akiwa na Denis Burkitt, daktari wa upasuaji aliyekuwa Mulago pia, alikuja kudai katika kitabu chao cha 1975 kwamba nyuzinyuzi na chakula kisichokobolewa ndivyo vilivyowakinga watu wa Afrika Mashariki. Walizidisha hapa na pale. Nyuzinyuzi haziponyi kila kitu. Ila ukiyaweka masomo yote mawili juu ya meza moja unapata kanuni ya Karagwe nzima: ndizi bila mwenzake humdhoofisha mtoto maskini na humwacha na njaa mtoto mwenye nacho. Aliyekosekana ni yuleyule.

Maharage yamekwenda wapi? Mengine yameuzwa. Yanastawi chini ya migomba yetu, yana soko mjini na ng'ambo ya Murongo, na nyumba inayohitaji ada ya shule huuza gunia ambalo lingeliwa. Ni ndugu wa butura, ile desturi ya kuuza kahawa ikiwa bado mtini: fedha inakuja mapema, chakula kinalipa. Mengine hayapikwi kwa sababu ya kuni na mkaa. Maharage makavu yanataka saa mbili motoni, na mama wa mjini anayefungua genge alfajiri hana saa hizo. Migomba nayo imepata pigo. Mnyauko wa bakteria uliingia Kagera mwaka 2006, na mashamba mengi yaliyokatwa yaligeuzwa kuwa ya mahindi na mihogo. Kwa hiyo sahani ya mtoto imepoteza pande zote mbili. Nafasi imejazwa na vitu visivyotaka kupikwa: mandazi, chapati, biskuti, juisi ya boksi, soda.

Soda inahitaji neno lake. Chupa ya mililita 350 ina sukari ya karibu vijiko tisa vya chai. Nusu ya sukari hiyo ni fruktosi, ambayo haiichochei sana insulini wala leptini na haiishushi grelini ipasavyo. Zaidi ya hayo, kinywaji hakitafunwi. Kinapita tumboni haraka na mtoto anakula chakula chake chote juu yake kana kwamba hajanywa kitu. Kati ya mabadiliko yote ambayo mzazi anaweza kufanya kesho asubuhi, hili ndilo jepesi kuliko yote na lenye faida ya haraka. Wala maji hayauzwi ghali kuliko soda.

Wageni wanaokuja na mabango ya "unene ni ugonjwa" wanashindwa kuelewa kwa nini watu wa hapa hawaogopi mtoto mnene. Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini walitambuliwa Kagera, mwaka 1983. Ugonjwa uliitwa Juliana wakati huo, na alama yake ilikuwa kukonda. Kizazi kilichozika ndugu waliobaki mifupa ndicho kinacholea watoto na wajukuu wa sasa, na kwa kizazi hicho mwili uliojaa ni habari njema, ni ushahidi kwamba nyumba hii imenusurika. Huwezi kulifuta hilo kwa kipeperushi. Mimi silitaki lifutwe. Nataka bibi aambiwe kwamba mjukuu wake anapata nishati nyingi na chakula kidogo, na kwamba maharage ya bibi ndiyo dawa. Ujumbe wa namna hiyo humpa bibi kazi ya kufanya, na bibi akiwa na kazi jambo hutekelezwa.

Kuna tabia moja zaidi, nje ya yaliyomo kwenye sahani, ambayo homoni zinaijali: mwendo wa kula. Huko Bristol, Uingereza, watoto wa umri wa ujana wenye kiribatumbo walifundishwa kwa mwaka mmoja kula polepole, wakitumia mizani iliyowaonyesha mwendo wa chakula kuondoka kwenye sahani. Matokeo yaliyochapishwa 2012 yalionyesha walipungua unene, grelini yao ikaanza kushuka baada ya kula, na PYY ikapanda, karibu kama ya watoto wasio wanene. Waitaliano nao, mwaka 2013, walitumia aiskrimu. Aliyeila kwa dakika thelathini alipata PYY na GLP-1 nyingi kuliko alipoila kwa dakika tano, hata kama alikuwa kijana mwenye kiribatumbo. Kwa watu wazima wenye kiribatumbo mwitikio huo haukuonekana. Kwangu hayo ndiyo matokeo yenye matumaini kuliko yote niliyotaja, kwa sababu yanasema mlango wa mtoto bado uko wazi.

Mlo wa zamani ulikuwa na mwendo wake. Chakula kilipakuliwa kwenye jani la mgomba, watu wakaketi, mkubwa akaanza, maongezi yakaingia kati ya tonge na tonge. Mtoto anayekula mbele ya televisheni, au anayemeza mandazi akikimbilia basi la shule saa kumi na mbili na nusu, hana dakika ishirini ambazo homoni za shibe zinazihitaji kufika kwenye ubongo. Hapa matajiri wa Kayanga wana tatizo kubwa kuliko maskini wa kijijini: wao ndio wenye basi, televisheni na friji ya soda.

Sasa tuseme la kufanya, na nitaanza na lisilofaa. Kumnyima mtoto chakula hakufai. Mtoto anakua, na kwa wengi wa umri wa shule ya msingi lengo si kupunguza kilo. Ni kuzuia zisiongezeke ovyo wakati urefu unaongezeka. Isitoshe, mwili hulipiza kisasi. Priya Sumithran na wenzake wa Melbourne walionyesha mwaka 2011 kwamba watu wazima waliopunguza uzito kwa njaa kali bado walikuwa na grelini ya juu na PYY ya chini mwaka mmoja baadaye. Sindano nazo zimeanza kuulizwa. Semaglutaidi, dawa inayoiga GLP-1, iliruhusiwa Marekani kwa wenye umri wa miaka 12 na zaidi mwishoni mwa 2022, na inafanya kazi. Ila ni dawa ya mgonjwa aliye chini ya daktari bingwa. Anayeuziwa mwanawe kitu cha aina hiyo kwa simu, bila daktari, anacheza na kongosho la mtoto.

Kinachofaa ni kiporo. Najua kiporo kimeshuka hadhi mjini, na kuna mama atakayeona aibu mwanawe akisema shuleni alikunywa chai kwa ndizi za jana. Lakini ndizi zilizopikwa zikapoa usiku, sehemu ya wanga wake hubadilika na kuwa mgumu kusagwa, na kuzipasha moto hakuiondoi yote. Sehemu hiyo ndiyo inayofika chini kwa wale bakteria. Maharage ya asubuhi yana faida nyingine iliyoonyeshwa na David Jenkins wa Toronto mwaka 1982 kwa kutumia dengu. Jamii ya kunde ikiliwa kifungua kinywa hutuliza sukari ya damu hata baada ya mlo wa mchana. Funika vizuri, weka pakavu penye baridi, pasha mpaka kichemke. Pasipo na kiporo, yai moja na kipande cha parachichi kando ya chapati moja ni bora kuliko chapati tatu na chai. Mtindi unafaa, dagaa wanafaa, karanga zinafaa zikiwa ngumi moja ya mtoto. Senene, msimu wake ukifika, ni protini isiyohitaji mtetezi.

Tatizo la kuni nalo lina njia. Loweka maharage usiku kucha, umwage maji yake, upike mengi siku moja na kuyagawa kwa siku mbili au tatu. Mwenye friji asiweke soda peke yake.

Na mchana shuleni? Makande yanayopikwa katika shule nyingi za serikali, mahindi na maharage, ni mlo mzuri kwa homoni kuliko wali mweupe na supu nyepesi ya shule ya ada kubwa. Nayasema haya nikijua mzazi aliyelipa ada hiyo hatafurahi. Kasoro ya makande ni pale maharage yanapopungua kadiri muhula unavyoendelea, mpaka wiki za mwisho yanakuwa mahindi yanayoelea. Kamati ya shule inayosimamia michango ihesabu maharage kando, siyo "chakula" kwa ujumla.

Sitadai kwamba sahani ni kila kitu. Usingizi mfupi huvuruga grelini na leptini. Kuna watoto wachache ambao unene wao una chanzo cha kurithi, na mtoto anayenenepa huku urefu umesimama apelekwe hospitali bila kungoja. Bei ya yai na bei ya andazi hazikuwekwa na mama yeyote. Lakini kati ya vyote hivyo, mchanganyiko wa chakula ndio ulio mikononi mwa nyumba ya kawaida ya Nyakahanga au Kaisho, bila kungoja mradi.

Kwa halmashauri za Karagwe na Kyerwa nina ombi moja. Mikataba ya lishe ambayo Rais aliisaini na wakuu wa mikoa mwaka 2022 inawabana kuhusu udumavu, na ni sawa. Ongezeni jambo dogo: kila mtoto wa darasa la kwanza na la nne apimwe uzito na urefu, namba hizo mbili zisomwe pamoja kwa chati za umri za Shirika la Afya Duniani, mara moja kwa mwaka. Kinachohitajika ni mizani, ubao wa kupimia urefu na siku moja ya walimu wa afya. Matokeo yaandikwe kwenye karatasi apewe mzazi mkononi, yasisomwe mbele ya darasa.